Nguzo Iliyopandwa Kichwa Chini

Musila aliiona kasoro ile saa nne asubuhi, jua likiwa kali, kwa hiyo asije mtu akasema alidanganywa na giza. Nguzo ilikuwa imepandwa kichwa chini.

Fundi yeyote wa mbao angeiona. Mti hunenepa kwenye mizizi na kukonda kuelekea kileleni, na vikonyo vya matawi yaliyokatwa hutazama juu, maana tawi hutafuta jua. Nguzo hii upande wake mwembamba ndio uliozikwa ardhini, upande mnene ukaachwa juu, na vikonyo vyake vyote vilitazama chini.

"Aliyepanda hii alikuwa amekunywa nini?" aliuliza.

Metito, mwenye shamba, alicheka. "Babu hakuwa mtu wa pombe. Hata soda alikuwa anaogopa."

Walikuwa ndani ya boma la zamani la babu yake Metito, kilomita kadhaa nje ya mji wa Kajiado. Familia ilikuwa imehamia nyumba za mabati hatua mia mbili kutoka hapo, na boma lilibaki uzio wa nguzo na samadi iliyokauka. Sasa Metito alikuwa anaweka uzio wa waya, akaona auze nguzo. Musila naye alikuwa anazifuata nguzo kuukuu kama wengine wanavyofuata ploti za Kitengela.

Alikuwa na sababu. Karakana yake pale Kitengela ilitengeneza silaha za mbao za kufanyia mazoezi: fimbo ndefu, rungu, na panga za mbao ambazo vijana wa karate huziita bokeni. Kazi hiyo haitaki mbao ya kubahatisha. Msaipresi huvunjika siku ya kwanza. Mkaratusi hujipinda kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Anayejua kazi hutafuta mti mgumu uliokauka polepole, miaka na miaka, na hakuna kikaushio kinachoshinda nguzo iliyosimama juani tangu babu wa mtu akiwa kijana. Kisha anatazama nyuzi za mbao. Zinatakiwa zitoke mshikioni hadi nchani bila kutoroka pembeni, kwa sababu pale zinapotoroka ndipo upanga utakapopasuka, na kibanzi kitarukia jicho la mtu.

Hili la jicho lilimkera Musila kuliko yote. Mwaka uliopita upanga wa bei rahisi ulikuwa umepasuka mikononi mwa binti yake, Nzilani, na kibanzi kikamkosa jicho kwa upana wa ukucha. Nzilani alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, Phylis, alifariki binti akiwa wa miaka sita, na tangu hapo Musila hakuwa na mtu mwingine duniani. Alikuwa ameapa kwamba mtoto huyu hatashika tena mbao mbaya, na mwalimu wake alipoagiza panga nne kwa wanafunzi wanne wa mtihani wa mwisho wa mwezi, Nzilani akiwa mmoja wao, Musila aliacha kazi zote akaja Kajiado.

Alizigonga nguzo moja moja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Nguzo mbovu hujibu kwa sauti butu, nzuri hulia. Alipogonga ile iliyopinduliwa, ambayo ilisimama peke yake katikati ya boma, mbali na uzio, ililia kwa sauti safi na ndefu kiasi kwamba aliondoa mkono na ikaendelea kulia. Ilikuwa oloirien, mzeituni wa porini, mweusi kwa uzee, bila ufa wala alama ya mchwa.

"Hiyo babu alisema isitolewe," Metito alisema. "Lakini babu pia alisema simu zitatuletea ukame."

Resian, mke wa Metito, ambaye majirani walimwita Mama Lemein, alikuwa amesimama kando na mtoto mgongoni. Hakucheka. "Hata mbuzi hawajikuni hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Angalia zile zingine, zimelainika. Hiyo hawaisogelei."

Ilikuwa kweli. Nguzo nyingine zote zilikuwa zimeng'arishwa na manyoya ya mifugo, lakini hii ilikuwa na magamba yake ya kale yote. Mtu mwenye akili angeiacha. Lakini mpe fundi mbao nzuri uone akili inavyokwenda likizo. Musila alishika sururu mwenyewe.

Nguzo ilipotoka, shimo lilitoa harufu ya damu mbichi, kama mlango wa kichinjio alfajiri, na nzi wakatoka humo chini wakiwa wengi. Metito alirudi nyuma hatua tatu akasema neno la Kimaa ambalo Musila hakulijua wala hakuuliza.

Karakana ya Musila ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, karibu na barabara ya Namanga. Siku ya Jumatatu aliipasua nguzo ile kwenye msumeno wa mashine na kupata vipande vinne vilivyonyooka, nyuzi zikikimbia kutoka mwisho hadi mwisho bila kutoroka hata moja. Akafurahi mno.

Hapa ndipo alipokosea, na alikosea kwa kufanya kazi vizuri. Mjomba wake, aliyemfundisha kuchonga kule Wamunyu, alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: upande wa mizizi ukae mkononi, upande wa kilele uwe mbele, kwa sababu ndivyo mti ulivyokua. Fundi mvivu hajali. Musila alijali. Alivitazama vikonyo, akavigeuza vipande vyote vinne vikasimama kama mti ulivyosimama ulipokuwa hai. Kitu ambacho mtu fulani alikuwa amekipindua kwa makusudi, yeye alikiinua kwa heshima ya ufundi.

Panga zilipokamilika alizilaza kwenye rafu zisije zikajipinda. Alienda kula, na aliporudi zilikuwa zimesimama ukutani, ncha juu.

"Nzilani! Nimesema mara ngapi panga hazisimamishwi?"

"Sijazigusa, baba. Si nimekuwa tu hapa nje nikiosha masufuria?"

Alizilaza tena. Siku ya pili zilikuwa zimesimama tena. Zilinuka damu kidogo, na mafuta ya kitani aliyozipaka hayakuificha harufu. Alijiambia ni utomvu. Mzeituni uliokauka miaka hamsini hauna utomvu, na hilo alilijua vizuri sana, lakini mtihani ulikuwa Jumamosi.

Mwalimu Abdiaziz alifundisha katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanafunzi wake wengi walikuwa walinzi wa usiku na vijana wa mtaani, na ukumbi wake ulijulikana kwa nidhamu. Akisema "Simama!" hata mkono uliokuwa hewani ulibaki hewani. Musila alipeleka panga mwenyewe Jumamosi mchana, akakaa kwenye benchi kumtazama binti yake.

Walianza vizuri. Nzilani alipangwa kupambana na Isaac, mlinzi mpole mwenye mwili mkubwa, na wengine wawili wakapangwa pamoja. Mbao iligonga mbao na sauti ikawa ile ile safi ya bomani, ndefu, na kila pigo lilipoanguka lile la kabla lilikuwa bado linalia. Abdiaziz alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha Musila akatambua kwamba wote wanne walikuwa wanapumua pamoja, pumzi moja, ndani na nje, kama kifua kimoja.

"Simama!" alisema Abdiaziz.

Hawakusimama. Aliita tena kwa nguvu, akapiga makofi, na upanga wa Isaac ukashuka kwenye bega la Nzilani, na wa Nzilani ukapanda ukamvunja Isaac mfupa wa bega, mlio wake ukasikika hadi kwenye benchi, na Isaac hakulia wala hakukunja uso, alihamishia upanga mkono wa pili akaendelea kupiga, huku wale wengine wawili wakipigana kwa namna ile ile, meno yakidondoka sakafuni na miguu yao ikiyakanyaga, hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyerudi nyuma, ni pumzi ile moja tu iliyokuwa inaingia na kutoka, na harufu ya kichinjio ikaujaza ukumbi mpaka wanafunzi waliokaa ukutani wakaanza kutapika, na Abdiaziz alipoingia katikati na fimbo yake walimgeukia wote wanne kwa pamoja wakamwangusha kwa mapigo manne, kisha wakarudiana, mpaka Isaac akaanguka chali na Nzilani akasimama juu yake akimpiga usoni, juu chini, juu chini, kwa utaratibu, kama mama anayetwanga mahindi.

Musila hakukumbuka kuinuka. Alijikuta tu amemfikia, amenyoosha mkono wa kulia na kuudaka upanga ukiwa unashuka. Mbao ambayo haikuwa na hata unyuzi mmoja uliotoroka ilipasuka kiganjani mwake. Maumivu yalimpanda hadi kwapani, na wakati huo huo wale wengine wakaziachia panga zao, wakasimama wakitazamana kama watu walioamshwa usingizini.

Nzilani alimtazama Isaac chini. Damu ilikuwa imemtapakaa usoni mwake mwenyewe, hadi kwenye kope.

"Baba," alisema kwa kunong'ona, "nani amempiga Isaac?"

Isaac hakufa, lakini jicho la kushoto liliharibika, na taya lilishonwa kwa waya. Abdiaziz alikuwa na mbavu mbili zilizovunjika. Nesi alitoa kibanzi kirefu kwenye kiganja cha Musila, akampa kwenye karatasi, akamfunga bandeji. Nzilani hakula siku mbili. Alikaa jikoni akiitazama mikono yake, na Musila alipomwona hivyo aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona tangu kifo cha Phylis.

Siku ya tatu mama yake Abdiaziz alikuja karakanani. Habibo alikuwa mama mfupi mwenye ulimi mkali, muuzaji wa maziwa ya ngamia pale sokoni. Marehemu mume wake alikuwa sheikh aliyesomea wagonjwa kule Wajir, na yeye ndiye aliyekuwa anamshikia bakuli la maji. Alisimama mlangoni akanusa, hakuingia.

"Mimi si mganga," alisema. "Mimi nauza maziwa. Lakini hii harufu naijua. Hiyo mti umetoa wapi?"

Musila alimweleza yote. Alipofika kwenye nguzo iliyopinduliwa, Habibo alifunga macho.

"Na wewe ukaigeuza."

"Ndivyo kazi inafanywa, mama."

"Sawa. Umefanya kazi safi. Sasa pigia huyo mzee wako wa Kajiado, aulize watu wake."

Metito alimuuliza shangazi wa baba yake, na baada ya saa moja akapiga simu, sauti ikiwa ndogo. Zamani, mwaka wa ukame mkubwa, mtu mmoja wa boma lile aliamka asubuhi akachukua rungu na kuua mke wake na ndugu zake wawili, akaketi akaomba chai. Alipoonyeshwa maiti aliuliza nani aliyefanya hivyo. Wazee walimwita mwalimu wa Kiislamu kutoka madukani, na kwa pamoja walikitoa kile kitu ndani ya mtu wakakifunga kwenye gogo la oloirien. Kilikuwa jini ambalo haliwezi kuua bila mkono wa mtu. Wakaligeuza, kichwa ardhini, miguu juu, kwa sababu jini lililopinduliwa halijui liende wapi.

Siku iliyofuata walirudi bomani kwa pikapu ya Abdiaziz. Habibo aliwafanya wakusanye kila kitu, panga zenyewe na vipande vya ule uliopasuka, maranda, unga wa msumeno, hata msasa uliotumika, vikatiwa kwenye magunia. Njia nzima panga ziligonga ubao wa pikapu nyuma yao, ingawa zilikuwa zimefungwa kwa kamba mara saba, na walipopita Isinya, Habibo akisoma kwa sauti bila kupumzika, mgongo wa kiti cha dereva ulipigwa kutoka nyuma kwa nguvu mpaka Abdiaziz akalia kwa maumivu ya mbavu zake.

Shimo lilikuwa bado wazi. Metito alipofungua gunia, upanga mmoja ulimpiga mdomoni ukamtoa meno mawili. Resian aliudaka kwa shuka, akaukalia kwa uzito wake wote, akipiga kelele kwa Kimaa. Waliziteremsha moja moja, ncha chini, na kila ulioingia ulifanya harufu ipungue. Mwisho Habibo alishika ule uliovunjika, akaviunganisha vile vipande viwili pamoja na kibanzi ambacho nesi alikuwa ametoa. Alivigeuza, akavilinganisha tena.

"Hapa kuna nafasi," alisema. "Kama ya njiti ya kiberiti. Kipande kingine kiko wapi?"

Aliangalia mikono ya kila mtu. Musila alikuwa ameutia wa kwake mfukoni.

"Nesi alitoa vyote," alisema.

Alidanganya. Alikuwa anakisikia ndani ya kiganja, chembamba, kikiuma anapokunja vidole. Lakini alijua watu wanavyofanya na kitu kama hicho kikiwa ndani ya nyama, na fundi bila mkono wa kulia ni nani? Alijiambia kipande kidogo hivyo kitatoka chenyewe na usaha. Walifukia shimo, Habibo akalimwagia maji aliyosomea, wakarudi nyumbani.

Kwa siku nne alikuwa salama kwa kutojua. Mkono ulimuuma, akawa anautembeza ukining'inia, na ukining'inia ulikuwa mtulivu. Siku ya tano asubuhi aliuinua kuchukua majani ya chai kwenye rafu ya juu. Vidole vikajikunja vyenyewe kuwa ngumi, na ngumi ikapiga mlango wa kabati mara tatu kabla hajauvuta chini kwa mkono wa kushoto. Alisimama pale akihema, akaona kwamba hakuwa anahema peke yake. Kulikuwa na pumzi nyingine chini ya yake, na alikuwa ameisikia ukumbini.

Nzilani alitoka chumbani. Ilikuwa siku ya kwanza ameamka akitabasamu.

"Baba, nimesikia umeanguka? Hebu nikupikie mimi chai."

"Usikuje karibu," alinong'ona. "Nzilani, rudi nyuma."

Lakini mtoto gani humwona baba yake anatetemeka akarudi nyuma? Alimfuata, na mkono ukapanda, Musila akiutazama ukipanda kama mkono wa mtu mwingine, akiushika kwa wa kushoto na kuburutwa nao, ukamkamata Nzilani kooni ukamgonga ukutani, ukamwinua mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu, na Musila alikuwa analia kwa sauti, anaomba, anauma mkono wake mwenyewe kwa meno mpaka akaonja damu, na uso wa mwanawe ukabadilika rangi, macho yakajaa maji, naye akimtazama yeye, baba yake, akijaribu kusema "baba" bila pumzi ya kulisemea, hadi mafunzo ya miaka mitatu yakamjia, akashika kidole gumba cha mkono ule akakivunja kuelekea nyuma, akaanguka.

Musila alijirusha sakafuni akaulalia mkono. "Mpigie Abdiaziz," alisema. "Na mama yake. Haraka."

Habibo alifika, akakata shati kwa mkasi. Mstari mweusi ulianzia kiganjani, ukafika kiwikoni, upande wa ndani. Mwisho wake, chini ya ngozi, kitu kidogo kilisukuma kwenda juu. Walikitazama kikisogea.

"Ulinidanganya mzee mzima," Habibo alisema, na alikuwa analia. "Kikifika bega, kitaenda kichwa. Halafu hutakuwa mkono tu. Utakuwa wewe."

"Twende hospitali," Nzilani alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Daktari gani atakata mkono mzima kabla ya saa saba?" Musila aliinuka, mkono ukiwa umefungwa kiunoni kwa mshipi. "Abdiaziz, nisaidie. Nzilani, wewe toka nje."

"Sitoki."

"Toka nje, mama. Nakuomba."

Karakanani, Abdiaziz alimkaza mshipi mwingine juu ya kiwiko mpaka ngozi ikawa nyeupe. Msumeno wa mashine ulipowashwa, mkono ulijua. Uliushika ukingo wa meza, ukachana mbao, ukamrukia Abdiaziz na kumpasua shavu, na ilibidi wote wawili waulalie, huku Habibo akisoma kwa sauti iliyoshinda mashine. Musila alisukuma. Maisha yake yote alikuwa amesukuma mbao kwenye msumeno ule taratibu, asije akaharibu nyuzi, na hata sasa alisukuma taratibu, akipiga kelele, mpaka upande wa pili.

Abdiaziz alimbeba hadi kwenye pikapu. Habibo aliuviringisha mkono ndani ya gunia, ukiwa bado unakunja vidole, akampa Nzilani.

"Wewe ndiye una miguu ya haraka. Chukua matatu uende Kajiado. Huyo Metito atakungoja. Muuzike pale pale, vidole chini. Umesikia? Vidole chini."

Musila alizinduka hospitalini jioni, jua likiwa linaingia dirishani. Upande wa kulia ulikuwa mwepesi mno. Habibo alikuwa kwenye kiti na tasbihi yake. Alipomwona amefumbua macho, alipiga simu, akamwekea sikioni.

"Baba!" Nzilani alikuwa anacheka na kulia. "Uko sawa? Mimi niko kwa kina Metito. Mama Lemein amenipatia maziwa, amesema nilale hapa, gari zimeisha. Tumemaliza kila kitu, baba. Imeisha."

"Mmeuzika?"

"Tumeuzika vizuri. Vidole chini, vile mama Habibo alisema."

Musila alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nguzo alijisikia mtu huru. Aliuona mkono wake kwenye shimo, vidole vikitazama ardhi, kiganja, kifundo, kiwiko juu. Akauona na ule mstari mweusi. Ulianza kiganjani ukapanda. Siku za kwanza kichwa kilikuwa upande wa vidole, ndiyo maana mkono ukining'inia ulitulia; lakini kibanzi kilikuwa kimegeuka kinaenda begani, na kitu kinachokwenda hutanguliza kichwa.

Alifumbua macho akamtazama Habibo.

"Kilikuwa kinapanda," alisema. "Kichwa chake kilikuwa juu, kwa kiwiko. Vidole chini, mama, kichwa juu. Tumekisimamisha tena."

Tasbihi ilianguka sakafuni.

"Nzilani," Musila alisema kwenye simu. "Nisikilize. Metito yuko wapi?"

"Ako nje. Amesema anaenda kuangalia kama shimo limefukiwa vizuri, lakini amekaa sana huko." Sauti yake ikaenda mbali kidogo na simu. "Ni kama amerudi. Nasikia akipasua kuni hapo nyuma. Hata Mama Lemein ametoka kumwona, na mtoto."

Musila aliusikia mlio ule kupitia simu. Pigo, kisha kimya kifupi, kisha pigo. Alikuwa amesikiliza mbao tangu akiwa mvulana Wamunyu, mbichi na kavu, ngumu na laini, na alijua kila namna ambavyo kuni hulia zikipasuliwa. Hazikuwa kuni.

"Funga mlango," alisema. "Nzilani, funga huo mlango sasa hivi."

"Ati nini? Network ni mbaya, baba. Ngoja nitoke nje nikusikie."

Alisikia bawaba za mlango wa bati. Alisikia nyayo za binti yake kwenye changarawe, na mapigo yakaacha.